Vidole Havifungi, Kichwa Hakiinuki: Kutafuta Hitilafu kwenye Vidhibiti vya Vikaragosi vya Bunraku

Wengi wanaojitengenezea kikaragosi cha Kijapani hukwama mahali pamoja. Kichwa kimechongeka, uso umepakwa rangi, kimono kimeshonwa, halafu siku ya kukichezesha vidole havifungi, au kichwa kinalala kifuani na hakiinuki. Karibu kila mtu hukimbilia kukaza uzi. Tatizo hupungua kwa muda, kisha hurudi likiwa na mwenzake: tundu limelika, springi imechoka, au pini imepinda. Kwa hiyo ukifuata jambo moja tu katika mwongozo huu, liwe hili: usikaze uzi wowote kabla hujajua umelegea kwa nini.

Ninachozungumzia ni bunraku ya Osaka na ndugu zake wa Awaji na Tokushima, yaani kikaragosi kikubwa kinachochezeshwa na watu watatu. Utaratibu huo ulianza Osaka mwaka 1734, na ndio uliovipa vidhibiti umbo vilivyo nalo. Mchezeshaji mkuu, omozukai, hupitisha mkono wake wa kushoto mgongoni mwa kikaragosi akashika mpini wa kichwa, uitwao dogushi. Kwa mkono wake wa kulia huendesha mkono wa kulia wa kikaragosi. Wa pili, hidarizukai, husimama pembeni na kazi yake kuu ni mkono wa kushoto, anaouendesha kwa kijiti kirefu kiitwacho sashigane. Wa tatu, ashizukai, hushika miguu, au pindo la kimono ikiwa kikaragosi ni cha mwanamke, maana wanawake wengi wa bunraku hawachongewi miguu. Kama unatengeneza kikaragosi cha Hachioji, kile cha mchezeshaji mmoja aliyekaa juu ya kiboksi cha magurudumu, sehemu ya vidole na ya kichwa zitakufaa, ya sashigane iruke.

Kabla ya kufungua chochote: vua nguo

Kipimo hiki huchukua dakika chache na huokoa kazi nyingi. Jaribu kila kidhibiti kikaragosi kikiwa kimevaa, andika kinachofanya kazi na kisichofanya, kisha kivue na ujaribu tena. Kikikataa kikiwa kimevaa na kikakubali kikiwa uchi, mbao na springi zako hazina kosa. Nguo ndiyo inayobana.

Katika bunraku mchezeshaji hukivisha kikaragosi chake mwenyewe, na nguo hushikizwa mwilini kwa sindano na uzi. Mshono mmoja uliopita mahali pasipo pake hunasa uzi wa kidole, na mkono mzima ukafa ganzi. Geuza mkono wa nguo nje-ndani, fuata uzi wa kidhibiti kwa ncha ya kidole kuanzia kiganjani hadi kwenye kijiti cha kuvutia, na utaupata mshono huo. Sababu ya pili kwa wingi ni kola iliyokazwa sana shingoni. Ya tatu ni bitana nzito kwenye mkono wa nguo, ambayo hulemea kifundo cha mkono kila kikaragosi kinaponyoosha mkono.

Angalia pia kama kuna sindano iliyosahauliwa ndani. Wapo waliochomwa vibaya kwa kuingiza mkono mgongoni haraka.

Dalili: vidole havifungi hadi mwisho, au vinafunga lakini havifunguki

Hili ndilo lalamiko kuu, na ndilo linalotatanisha zaidi, kwa hiyo tulipe nafasi. Mkono wa kawaida una vidole vinne vilivyoungana kama ubao mmoja, vimeshikwa kwa pini kwenye mstari wa vifundo. Uzi unapita upande wa kiganja na kuvuta vidole vifunge. Ukanda unaopinda, kwa nyuma, huvirudisha. Mikono ya mashujaa, ambayo vidole vyake hukunjika pia katikati, hufuata kanuni hiyohiyo ila ina pini nyingi zaidi, na kila pini ni mahali pengine pa kukwama.

Anza na msuguano, ndio chanzo cha kawaida kuliko vyote. Fungua uzi kwenye kijiti cha kuvutia, kisha kunja vidole kwa mkono wako. Vikikunjika kwa ulaini, kiungo ni kizima na uzi ndio unaokwaruzwa njiani. Tazama kila tundu unapopita: ukiona mfereji mwembamba uliochimbika upande mmoja wa tundu, uzi unapinda hapo kwa pembe kali. Usijaze mfereji huo kwa gundi. Panua tundu kidogo kwa keekee, lainisha midomo yake kwa msasa uliokunjwa mwembamba, kisha ingiza kipande cha mrija wa plastiki ngumu au wa shaba kiwe njia ya uzi. Nta ya nyuki ikipakwa kwenye uzi husaidia sana. Mafuta na grisi viache, maana huingia kwenye mbao, huchafua nguo, na vumbi likishanasa humo utakuwa na msasa ndani ya tundu lako.

Uzi wenyewe ndio wa pili. Nailoni huvutika, na ikipata unyevu huvutika zaidi, hivyo mkono uliopimwa vizuri asubuhi unalegea jioni. Uzi wa pamba uliosokotwa hufanya kinyume: ukilowa hufupika, na vidole hubaki nusu vimefunga. Mshipi wa kuvulia, ule wa utepe mmoja unaong'aa, hukata mbao laini na kukata vidole vya mchezeshaji, na fundo lake hufunguka. Uzi wa polyesta uliosukwa, wa unene wa milimita moja hivi, ndio ninaoupendekeza kwa mkono wa kawaida. Ukishaufunga, uvute kwa nguvu mara kadhaa kabla ya kupima urefu wa mwisho, ili fundo likae.

Sababu ya tatu ni vipimo, na hapa ndipo mafundi wazuri wa mbao hukosea bila kujua. Angalia umbali kati ya pini ya kiungo na mahali uzi uliposhika kidole. Ukiwa milimita 6, kukunja vidole digrii 60 kunahitaji uzi uvutwe milimita 6 hivi. Ukiwa milimita 12, unahitaji kuvuta milimita 12, ila kwa nusu ya nguvu. Sasa pima kidole cha mchezeshaji kinaweza kuvuta kiasi gani akiwa bado ameshika mpini. Ikiwa anaweza kuvuta milimita 8 tu na kiungo chako kinadai 12, vidole havitafunga kamwe, hata ukaze uzi hadi ukatike. Dawa ni kusogeza tundu la uzi karibu na pini. Ikiwa tatizo ni kwamba inabidi avute kwa nguvu nyingi mno, lisogeze mbali.

Ya mwisho ni springi. Zamani ukanda wa kurudishia ulikuwa ndevu za nyangumi, zile kanda ngumu zinazopinda ambazo baadhi ya nyangumi wanazo kinywani badala ya meno. Hupinda mara nyingi bila kuchoka, na ndiyo maana mafundi wa Japani walizithamini. Leo biashara yake imebanwa na sheria za kimataifa na hakuna sababu ya kuitafuta. Ukanda wa plastiki ngumu, kipande chembamba cha mwanzi uliokomaa, au waya wa chuma cha springi hufanya kazi. Jinsi ya kupima: achia uzi wote; vidole vinapaswa kufunguka vyenyewe hata kiganja kikitazama chini. Vikifunguka kiganja kikitazama juu tu, vinafunguliwa na uzito wao, na springi haichangii kitu.

Acha na utafute fundi wa kuchonga ukiona ufa unaoanzia kwenye tundu la pini na kufuata nyuzi za mti. Ufa huo haushikiki kwa gundi ya kawaida kwa sababu kila kunja huufungua upya. Ubao wa vidole lazima uchongwe mwingine, nyuzi za mti zikielekea kwenye ncha za vidole.

Dalili: mkono unajipindua, kiganja kinatazama kusikotakiwa

Unavuta uzi ili kikaragosi kishike upepeo, na badala ya kufunga vidole mkono unazunguka. Mara nyingi uzi umejizungusha kwenye mkono wakati wa kuvisha. Legeza, zungusha mkono kinyume, jaribu tena. Ikiwa umenyooka na bado mkono unapinduka, basi uzi unapita upande mmoja wa kifundo badala ya katikati, na kila mvuto unakuwa mvuto wa kuzungusha. Hamisha tundu.

Chanzo kingine ni kijiti cha mkono kilichochongwa duara na kuingizwa kwenye tundu la duara. Kinazunguka kwa sababu hakuna kinachokizuia. Chonga mwisho wake uwe wa pembe nne, au kata upande mmoja uwe bapa, na tundu lake lifuate umbo hilo.

Dalili: mkono wa kushoto unachelewa au unatetemeka

Sashigane ina urefu unaomwezesha hidarizukai kusimama mbali kiasi bila kumziba mchezeshaji mkuu. Urefu huo ndio unaokuza kila kosa dogo: mchezo wa nusu milimita kwenye kiungio huonekana kwenye kiganja kama mtetemo.

Shika kiganja cha kikaragosi kwa mkono mmoja na sashigane kwa mwingine, kisha jaribu kuvizungusha kinyume, taratibu. Ukisikia mgoto mdogo kabla ya mbao kushikana, kiungio kimelegea. Usikijaze karatasi wala utepe wa gundi; vitashikilia wakati wa mazoezi na kuachia mbele ya watu. Chomoa, chonga kabari nyembamba ya mti mgumu, ingiza tena na ufunge kwa uzi uliopakwa gundi ya mbao.

Kama hakuna mgoto, tazama kijiti chenyewe. Kishike mwisho mmoja, kiache kibebe mkono ulionyooka, uone kama kinapinda. Mti laini uliofaa kwa kichwa haufai hapa. Mkono wenyewe nao ukiwa mzito mno utatetemesha kijiti chochote, kwa hiyo punguza mbao ndani ya kiganja na mkononi kabla ya kunenepesha sashigane.

Kisha kuna kamba ya bega. Mkono wa juu wa kikaragosi hauna mfupa. Mkono unaning'inia kwa kamba kutoka kwenye ubao wa mabega, na mabega yenyewe hutunishwa kwa dodoki. Kamba ikiwa fupi, mkono unaonekana kuchelewa kwa sababu lazima uuburute mwili mzima. Jaribu mambo matatu: kiganja kifike machoni, kama kikaragosi kinavyofuta machozi, kifike bega la upande wa pili, kishuke hadi kiunoni. Kikishindwa hata moja, refusha kamba kwa sentimita moja moja.

Yote hayo yakiwa sawa na mkono bado unachelewa, hitilafu haiko kwenye mbao. Hidarizukai hufuata ishara ndogo anazotoa mchezeshaji mkuu kupitia kichwa na mabega ya kikaragosi. Kama kichwa chako kinasita kwa sababu ya kasoro za sehemu inayofuata, ishara zinakuwa za uongo na mkono wa kushoto hauna cha kufuata. Nimeona sashigane nzuri ikichongwa upya bure wakati ugonjwa ulikuwa shingoni.

Dalili: kichwa hakiinuki, au kinaanguka ghafla

Kwanza jua utaratibu ulioutumia. Kwenye aina moja kichwa huinama kwa uzito wake, na mchezeshaji akivuta uzi kinainuka. Kwenye nyingine springi hukiweka juu, na uzi hukivuta kuitikia. Dalili zinafanana, dawa ni tofauti kabisa: kuongeza springi kwenye aina ya kwanza bila mpango kutafanya kichwa kisiiname vizuri tena. Nimekutana na vichwa vilivyochanganya aina zote mbili kwa sababu fundi alifuata michoro miwili tofauti.

Kisha fuata mpangilio huu. Legeza kola. Angalia tundu la ubao wa mabega ambamo mpini hupita: likiwa dogo, mpini unabanwa kila mwili unapogeuka; likiwa kubwa, kichwa kinayumba na kuonekana kama kimeanguka. Nafasi ya kutosha ni ile inayokuruhusu kuinamisha mpini pande zote bila mgoto. Baada ya hapo kagua uzi, halafu pini ya shingo.

Uzito unaopita kiasi ni chanzo cha nadra kwa mtu anayechonga kwa ukubwa wa Osaka. Vichwa vya Tokushima vilikua vikubwa kwa sababu vilichezeshwa kwenye majukwaa ya wazi vijijini, na ukinakili ukubwa huo unakuwa umenunua pia haja ya pini nene na springi kali. Jadi hutumia hinoki, mti mwepesi wa jamii ya saiprasi. Saiprasi inayopandwa kwenye nyanda za juu za Kenya na Tanzania ni ndugu yake na huchongeka vizuri, ila hakikisha imekauka. Mbao mbichi ikikauka ndani ya kichwa kilichokwisha kufungwa hubana pini, na hapo hakuna uzi utakaokusaidia.

Kwa walio Mombasa, Tanga au Unguja, mbao huvimba msimu wa mvua. Kichwa kikikwama wakati huo tu, kiweke mahali pakavu penye hewa kwa siku kadhaa kabla ya kukitia msasa. Ukiisugua shingo ikiwa imevimba, kiangazi itacheza.

Dalili: jicho moja linageuka, jingine linabaki

Macho, nyusi na kinywa huendeshwa kwa vijiti vidogo vilivyoko kwenye dogushi, viitwavyo kozaru. Macho yote mawili huvutwa pamoja, hivyo yakiachana ama uzi wa upande mmoja umelegea au tone la rangi limeingia kwenye ukingo wa jicho. La pili ndilo hutokea zaidi. Chukua kijiti cha mwanzi kilichochongwa bapa, kipitishe taratibu kuzunguka jicho, usitumie chuma.

Kufika kwenye uzi wenyewe ni kazi nyingine. Kichwa cha jadi hupasuliwa kwa wima, sehemu ya uso na sehemu ya kisogo, hutobolewa ndani, mitambo ikawekwa, kisha hugandishwa tena. Kama ulikitengeneza mwenyewe na ukatumia nikawa, gundi ya ngozi na mifupa ya wanyama, mvuke kidogo kwenye mstari wa kiungo utailegeza. Lakini weupe wa uso, gofun, ni unga wa kombe uliochanganywa na gundi hiyohiyo. Mvuke unaofungua kiungo utamenya na uso. Kwa hiyo kifungue ikiwa tu umekubali kupaka uso upya, na ukisugua gofun kavu vaa barakoa, maana vumbi lake ni laini na huingia kifuani.

Kichwa cha zamani usikifungue kabisa. Hata kama macho hayasogei, hata kama umekipata kwa bei ya chini. Usikilowanishe, usikitie gundi ya kisasa, usijaribu kupasua kiungo kwa patasi. Kifunge kwa kitambaa cha pamba na umtafute mrekebishaji wa vitu vya kale anayejua mbao zilizopakwa rangi. Jumba la makumbusho lililo karibu nawe ni mahali pazuri pa kuanza kuuliza.

Dalili: uzi unakatika palepale

Uzi unaokatika kila mara sehemu moja hauna udhaifu wowote. Hapo pana ncha kali. Pima mahali uzi ulipokatikia, pitisha mpya ulioutia alama mahali palepale, uone alama hiyo inaangukia wapi ukivuta kikamilifu na ukiachia. Ncha iko kati ya pointi hizo mbili. Ukikatikia kwenye fundo, umelikata fupi mno au umelichoma kwa moto hadi likawa gumu.

Dalili: mkono wa mchezeshaji unauma

Hili wengi hulichukulia kama udhaifu wa mtu, wakati ni kasoro ya kidhibiti. Kikaragosi cha shujaa kilichovishwa kikamilifu kinaweza kufika kilo 10, na uzito mwingi unakaa kwenye mkono mmoja. Mpini usiolingana na mkono huo utauumiza.

Chora kiganja cha atakayekichezesha kwenye karatasi, kisha chonga mpini kwa mchoro huo. Vidole vya chini vibebe uzito, vya juu vibaki huru kuvuta vijiti. Ikiwa kidole cha kuvutia nacho kinabeba, kijiti kiko chini mno, kipandishe. Mpini ukiteleza kwa jasho, usiupake vanishi. Uache mbao tupu iliyopigwa msasa wa wastani, au uzungushie uzi wa pamba. Angalia pia tundu la mgongoni mwa nguo, maana likiwa dogo hulazimisha kifundo cha mkono kipinde, na maumivu hutokea hapo hata kama mpini ni mzuri.

Uchovu wa kawaida huisha baada ya kupumzika. Ganzi kwenye vidole, maumivu yanayokuamsha usiku, au kidole kinachokwama kikiwa kimekunjwa ni jambo jingine: simamisha mazoezi na umwone daktari kabla ya kugusa mpini tena. Ukishajua ni msuli au mshipa gani uliolemewa, ndipo urudi kwenye meza ya kuchongea na kusogeza kijiti husika.